Jarida Lililokubali Makala Bila Kuisoma

Barua pepe ilimwita "Mheshimiwa Profesa". Yeye wakati huo alikuwa mhadhiri msaidizi, ndiyo kwanza amemaliza shahada ya uzamili, na mkataba wake wa kazi ulikuwa unakaribia kupitiwa upya. Ilimsifu kwa mchango wake mkubwa katika tiba ya binadamu, ilhali miaka yake yote ya utafiti ameimalizia kwenye mwani. Ilimwahidi jibu ndani ya saa 72, makala kutoka wiki hiyohiyo, na punguzo la ada kwa wanasayansi wa Afrika endapo angetuma kabla ya mwezi kwisha. Mimi ndiye niliyemsimamia utafiti wake. Nilipata habari makala ikiwa imeshatumwa na imeshakubaliwa.

Nimemwomba ruhusa ya kuyasimulia haya, akanijibu niyaseme yote isipokuwa jina lake. Nayasema kwa sababu kila mwaka naona vijana wengine wakipita njia ileile, na wengi wao hawana wa kumpigia simu.

Lazima nianze na kazi yenyewe, maana bila kuijua huwezi kuona alichokaribia kunyang'anywa. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Wakulima wake wengi ni wanawake. Wanapanda aina mbili: spinosamu, ambayo ni ngumu lakini bei yake ni ndogo, na kotonii, ambayo inalipa vizuri zaidi lakini ni dhaifu. Kwa miaka mingi sasa kotonii imekuwa ikifa. Ncha zinapoteza rangi, zinageuka nyeupe, zinalainika, kisha zinakatika na kuchukuliwa na mkondo. Mama anashuka na kamba zilizofungwa vizuri kwenye vigingi vyake, anarudi bamvua linalofuata anakuta kamba tupu.

Binti huyu aliamua kuufuatilia ugonjwa huo kamba kwa kamba. Maji ya bamvua upande ule hutoka saa nne, saa tano za asubuhi, jua limeshapanda, na yeye alishuka pamoja na akina mama wenye mashamba, kipimajoto na kipima chumvi mkononi. Aliandika kwa penseli kwa sababu wino unayeyuka. Picha za daftari lake ninazo: kurasa zimevimba, pembeni kuna michirizi myeupe ya chumvi, na kila kipimo kina saa yake pembeni, hata pale mwandiko ulipotetemeka kwa upepo wa kaskazi. Akina mama walimwachia ahesabu matawi yaliyooza kwenye kamba zao wenyewe. Hawakulipwa kitu. Bibi mmoja alimuuliza, "Mwanangu, mkishajua kinachoiua kotonii, mtarudi kutwambia?" Akamjibu, "Tutarudi, Bi."

Ahadi hiyo ndiyo iliyokuwa imefungwa ndani ya makala ile.

Simu yake naikumbuka neno kwa neno.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba mwanangu. Habari za kazi?"

"Nzuri, Dokta. Makala yetu imekubaliwa."

"Hongera! Imekubaliwa wapi?"

Akanitajia jina refu, la "Kimataifa" na "Kisasa" na "Sayansi Zote". Sijawahi kulisikia.

"Uliituma lini?"

"Juzi."

"Na wahakiki wamesemaje?"

Akanisomea. Mhakiki wa kwanza: kazi nzuri, rekebisha sarufi. Mhakiki wa pili: kazi nzuri sana. Basi. Hakuna aliyeuliza idadi ya kamba, hakuna aliyeuliza takwimu zilichambuliwa vipi, hakuna aliyetaja neno mwani. Yeye mwenyewe sauti yake haikuwa ya furaha. Alikuwa ameshaona kwamba jambo halikai sawa, ndiyo maana akapiga. Chini ya sifa hizo kulikuwa na ankara. Tangazo la kwanza lilitaja dola 99, ankara ikasema dola 450, na maelezo kwamba asipolipa ndani ya siku tano atatozwa riba.

Usiku ule tulikaa, yeye kwake na mimi kwangu, tukalichambua jarida lenyewe. Toleo lake la karibuni lilikuwa na makala ya mihogo, ya madaraja ya zege, ya meno ya watoto na ya benki za vijijini, zote chini ya jalada moja na zote zimepita kwa bodi moja ya uhariri. Anwani ilikuwa ya Marekani, bila namba ya simu. Katika orodha ya wahariri nilimkuta profesa ninayemfahamu, tuliwahi kukaa meza moja kwenye mkutano wa kisayansi. Nikamwandikia. Alinijibu asubuhi yake kwa hasira: hajawahi kuwa mhariri wao, jina lake waliliweka wenyewe, ameshawaandikia waliondoe na hawajibu.

Ukurasa wa kwanza ulijisifu kwa namba kubwa ya kipimo cha athari. Kipimo kinachojulikana kwa jina hilo hutolewa na kampuni ya Clarivate katika ripoti yake ya kila mwaka, na jarida hili halikuwemo humo. Namba yao ilitoka kwa kampuni nyingine inayotoa vipimo kwa malipo. Walionyesha pia namba ya ISSN, na hapo ndipo vijana wengi wanapotulia moyo. ISSN ni namba ya utambulisho tu. Hupewa jarida lolote linaloomba na kutimiza masharti ya usajili, na anayeitoa hasomi makala hata moja kupima ubora wake.

Tulikubaliana asilipe na aombe kuiondoa makala. Kesho yake, kabla hajalipa senti wala kusaini fomu yoyote ya hakimiliki, makala ilikuwa imeshawekwa kwenye tovuti yao, jina lake limekosewa herufi moja. Alipoandika kuiondoa, walimjibu kwamba kuiondoa kuna ada yake, na ada hiyo ilizidi ile ya kuchapisha.

Hapa ndipo mtego unapobana. Jarida la kweli halipokei makala ambayo imeshachapishwa kwingine. Kuchapisha kazi moja mara mbili ni kosa la kitaaluma. Kwa hiyo makala ikishawekwa hewani na matapeli, mwandishi anabaki nayo mikononi haiuziki: huko iliko haina heshima, na penye heshima haipokelewi. Fedha za ankara ni hasara ndogo. Hasara yenyewe ni vile vipimo vya bamvua zote zile.

Tabia hizi hazikuwa za jarida moja. Mwaka 2016 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilimshtaki mchapishaji OMICS, mwenye makao Hyderabad, India, na Machi 2019 mahakama ya shirikisho huko Nevada ikaamuru alipe zaidi ya dola milioni 50. Madai ya tume yalikuwa karibu yale tuliyokuwa tukiyaona kwenye kioo cha kompyuta: ada kufichwa mpaka makala ikubaliwe, wanasayansi kuorodheshwa kuwa wahariri bila ridhaa yao, uhakiki kudaiwa upo kumbe haupo, na mwandishi kukataliwa kuondoa kazi yake. Nilimpa binti yule habari za hukumu hiyo ili ajue kwamba kuna mahakama imewahi kuliita jambo hili udanganyifu. Alikuwa ameanza kudhani tatizo ni yeye.

Kuna pia jaribio moja ninalolisimulia darasani kila mwaka. Mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi John Bohannon alitunga makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani, yenye makosa ambayo mwanafunzi wa kemia angeyaona, akaituma kwa majarida 304 yanayosomwa bure na kutoza waandishi. Majarida 157 yaliikubali, 98 yaliikataa. Matokeo yake yalitoka katika jarida la Science. Majina ya watunzi wa uongo aliyabuni kama ya Kiafrika, na taasisi alizozibuni akaziweka katika miji mikuu ya Afrika. Jaribio lilifanya kazi kubwa na nalitumia, lakini jambo hilo moja limeniuma tangu siku niliyolisoma. Lilichukuliwa kuwa la kawaida kwamba makala mbovu ikitoka Afrika hakuna atakayeshangaa.

Ukweli ni mwingine. Mwaka 2017 David Moher na wenzake walichapisha katika Nature uchambuzi wa makala zipatazo 1,900 za utabibu zilizotoka kwenye majarida yanayotiliwa shaka. Zaidi ya nusu ziliandikwa na watu wa nchi tajiri na zile za kipato cha kati cha juu. Ndani ya makala hizo kulikuwa na takwimu za watu zaidi ya milioni 2 na wanyama zaidi ya 8,000. Watu milioni 2 walitoa damu, walijibu maswali, walimeza vidonge vya majaribio, wakiamini kwamba elimu fulani itapatikana. Nikisoma namba hiyo namkumbuka yule bibi na swali lake.

Kwetu mtego una chambo chake. Mhadhiri kijana anahesabiwa machapisho. Bila idadi fulani hapandi daraja, na bila kupanda daraja mshahara unabaki palepale huku madarasa yakizidi kujaa. Jarida zuri linaweza kukaa na makala miezi sita, hata mwaka, na mwisho likaikataa. Kisha inakuja barua inayokuita Profesa na kukuahidi siku tatu. Anayesema vijana hawa ni wavivu hajawahi kukaa na kijana mwenye mkataba unaoisha Juni.

Nao wapo wanaojua vizuri jarida ni la kitapeli na wanalipa kwa makusudi, ili orodha irefuke. Hao siwatetei. Wanapandishwa vyeo mbele ya wenzao waliosubiri uhakiki wa kweli, kisha wanakaa kwenye kamati za kupima wengine.

Sisi tulifanya hivi. Tuliandika barua moja ya kiofisi: hakusaini uhamisho wa hakimiliki, hakulipa, hakuridhia kuchapishwa, anataka makala iondolewe. Nakala ilikwenda kwa ofisi ya sheria ya chuo. Wao waliendelea kuleta ankara, kila moja na riba yake, na sisi tukaendelea kuzitunza bila kuzijibu. Kila tulichoandikiana tulikihifadhi kwa tarehe. Baada ya muda tovuti nzima ikatoweka, pamoja na makala za watu wote waliolipa. Jarida la kweli huweka nakala zake kwenye hazina za kudumu ili hata mchapishaji akifilisika kazi za watu zibaki. Hawa hawakuwa na hazina yoyote. Ninao wenzangu ambao chapisho lililowapandisha cheo halipo tena popote duniani.

Wakati huo binti yule alikuwa amerudi baharini msimu wa kusi na kuongeza vipimo. Akaiandika kazi upya, na tulipoituma kwa jarida la kweli barua ya kusindikiza ilimweleza mhariri kila kitu, tangu ile barua ya "Mheshimiwa Profesa", na viambatisho vyake. Wapo walionishauri tunyamaze, eti tovuti imeshakufa nani atajua. Sikukubali, na nawaambia wote wanaonijia na shida hii wasikubali. Mhariri alitushukuru, akauliza maswali mawili matatu, akaipeleka makala kwa wahakiki.

Uhakiki ulichukua miezi. Uliporudi, mmoja wao alikuwa ameandika kurasa tatu, na katika ukurasa wa pili kulikuwa na swali ambalo sijalisahau: joto la maji lilipimwa maji yakiwa katika hali gani? Kwenye mwamba ule wenye maji mafupi, alisema, joto la maji yaliyotoka saa tano asubuhi haliwezi kuwekwa kapu moja na joto la maji yaliyojaa. Mtu huyo hatumjui mpaka leo. Hakulipwa. Alikaa na kazi ya binti asiyemjua mpaka akaona kitu ambacho sisi, kwa kuizoea, hatukukiandika.

Jibu lilikuwepo kwenye daftari lenye chumvi, maana kila kipimo kilikuwa na saa. Binti alichukua jedwali la maji kupwa na kujaa, akavipanga upya vipimo vyote, vya maji yaliyotoka mbali na vya maji yaliyojaa mbali. Picha iliyojitokeza ilikuwa safi kuliko ya mwanzo: kamba zilizofungwa karibu na ufuko, ambako maji hutoka karibu yote wakati jua limepanda, ndizo zilizooza zaidi, za maji marefu zilistahimili. Hilo ni jambo ambalo mkulima anaweza kulifanyia kazi. Katika rasimu ile iliyokubaliwa kwa saa 72, jambo hilo halikuonekana kabisa.

Alirudi kijijini kulieleza, kwa Kiswahili, kwenye baraza la nyumba ya sheha. Akina mama walimbishia sehemu moja kuhusu msimu, nao walikuwa na hoja.

Siku hizi mwanafunzi akiniletea jina la jarida, tunalikagua pamoja kama mtu anavyofunua shavu la samaki kabla ya kutoa fedha. Tunafungua matoleo ya nyuma na kusoma makala mbili tatu kwa ukamilifu. Tunamwandikia mhariri mmoja kwa anwani iliyo kwenye tovuti ya chuo chake, wala si ile iliyo kwenye jarida. Tunatafuta ada imeandikwa wapi, na kama haijaandikwa popote tunaishia hapo. Tunaangalia kama jarida limo katika DOAJ, orodha ya majarida huria iliyoanza 2003, au katika African Journals Online, iliyoko Afrika Kusini na inayokusanya majarida ya bara hili. Ikiwa jarida linadai limo kwenye kanzidata fulani, tunaingia kwenye kanzidata yenyewe kuthibitisha. Tena tunakagua anwani ya tovuti herufi kwa herufi, kwa kuwa wapo wanaotengeneza nakala ya jarida la kweli, jina lilelile na ISSN ileile, na kukusanya fedha kwa jina la wengine.

Kutoza ada peke yake si ushahidi wa utapeli. Majarida mengi mazuri hutoza, na mengi kati ya hayo husamehe ada au kuipunguza kwa waandishi wa nchi zetu wakiombwa tangu mwanzo. Vijana wengi hawaombi kwa sababu hakuna aliyewaambia. Vilevile jarida kuwa dogo, tovuti yake ikawa ya kizamani na mhariri wake akawa mmoja anayechelewa kujibu, si utapeli. Mkutubi Jeffrey Beall wa Denver, aliyeifumbua macho dunia kwa orodha yake mpaka alipoiondoa Januari 2017, alilaumiwa, na kwa haki naona, kwamba wachapishaji wadogo wa nchi maskini walipimwa kwa sura. Jarida la sayansi za bahari la Magharibi mwa Bahari ya Hindi linatolewa na WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari wa ukanda huo, hapo hapo Zanzibar, na nimeona waandishi wa Ulaya wakilitafuta huku vijana wetu wakilipita kwenda kulipa dola kwa anwani isiyo na simu.

Wajumbe wa kamati za kupandisha vyeo, ninyi ndio mnaoyapa majarida haya soko. Mkiacha kuyapa pointi, hayatakuwa na cha kuwauzia wahadhiri wetu. Nawaomba msihesabu vichwa vya makala. Mwombeni kila mwombaji alete kazi zake mbili bora pamoja na maoni ya wahakiki, kisha mzisome. Kazi hiyo itawachukua muda mrefu zaidi kuliko kujaza fomu, na ndiyo kazi mliyokabidhiwa.

Nawe kijana ambaye barua ya namna hii imekufikia wiki hii, usiijibu, hata kwa kukataa. Mpelekee msimamizi wako au mkutubi wa chuo chako aione kwanza. Na kama ulishatuma, usilipe, tunza kila ujumbe, na mwambie mtu leo.